Mstari wa Mbele

Mtu waliyemwita Sukari alikuwa amejibanza kwenye mlango wa jengo moja akikimbia mvua, ndipo alipoliona tangazo limebandikwa ukutani: "Anatafutwa mwalimu wa dansi ya viatu vya chuma. Wanafunzi ni watu wazima, wanaoanza waliosogea mbele kidogo."

Alilisoma mara mbili, akacheka peke yake. Wanaoanza waliosogea mbele kidogo! Yaani hawajui, ila hawataki kuambiwa hawajui. Watu wa namna hiyo ndio waliomlisha na kumvisha Sukari tangu aje mjini. Kuhusu dansi yenyewe alijua jambo moja tu, kwamba viatu hupigiliwa vyuma chini vipate kulia. Akaona yatosha. Akapanda ngazi.

Huko juu aliwakuta wanne wakigongagonga saruji kama mafundi wa paa: daktari wa meno mwenye kitambi, mke wa mkandarasi mwenye mikufu mitatu shingoni, wakili aliyehesabu hatua kwa sauti na bado akakosea, na nyuma kabisa mama mmoja mwembamba, fundi cherehani, ambaye hakuna aliyejishughulisha kumtazama.

"Mwalimu wenu wa zamani aliwaharibu," Sukari alisema hata kabla ya salamu. "Lakini vipaji navisikia. Vimefichika tu."

Wakamwajiri palepale.

Sukari alifundisha akiwa ameketi, macho ameyafumba, kiganja shavuni. Mara kwa mara aliguna.

"Daktari, mguu wako wa kushoto unasema uongo."

Daktari, msomi mzima, akauinamia mguu wake kwa aibu.

"Na wewe mwalimu, mbona hutuonyeshi?" fundi aliuliza siku ya tatu.

"Mama, nikicheza mimi, ninyi mtakata tamaa."

Wenzake wakamtolea macho kwa utovu wake wa adabu. Fundi akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, mabega yakimtikisika.

Wiki ya nne Sukari akatangaza onyesho. "Ukumbi mkubwa, na watu wa televisheni watakuwepo. Tatizo ni moja. Mstari wa mbele una nafasi ya mtu mmoja tu."

Yaliyofuata ni aibu kuyasimulia, kwa hiyo tuyasimulie vizuri. Mke wa mkandarasi alimvutia Sukari kwenye ngazi na bahasha mkononi. "Kaka yangu, mimi nisimame nyuma ya daktari? Watu si wataona kitambi tu?" Jioni daktari akaleta bahasha nene zaidi. Wakili alileta yake pamoja na mkataba wa kurasa tatu. Kila mmoja aliahidiwa nafasi ileile, akaapishwa asimwambie mtu. Kisha Sukari akamnong'oneza kila mmoja kwamba mwenzake ameongeza, nao wakarudi mbio kuongeza.

Fundi hakuleta kitu. "Mimi nyuma pananitosha, mwalimu. Ila koti lako la onyesho nitakushonea bure."

Sukari alimhurumia kwa ujinga huo, akamwagiza aweke mfuko wa siri ndani ya bitana, "wa vyeti vyangu." Koti lilipokwisha, humo alizipanga noti zote, akaushona mdomo wa mfuko. Asubuhi ya kutoroka alipitia dukani kwa fundi, koti mwilini, kuchukua suruali yake.

"Bega la kushoto limeshuka," fundi alisema. "Vua nilikaze, dakika tano tu. Wewe jaribu suruali huko nyuma ya pazia."

Nyuma ya pazia palikuwa na kioo kirefu, na Sukari hakuwa mtu wa kukipita kioo hivihivi. Alijigeuza mbele, akajigeuza nyuma, akajikonyeza. Alipotoka, koti lilikuwa tayari. Akaipapasa bitana, akahisi uzito uleule, akaondoka akipiga mluzi.

Basi lilikuwa limeshavuka miji miwili alipokata nyuzi kwa wembe ili achomoe noti ya chakula. Kikatoka kipande cha kitambaa kigumu cha kola. Akachomoa kingine. Kola. Vyote vimekatwa kwa kipimo cha noti na kupigwa pasi sawasawa.

Kesho yake alirudi juu ya lori la matofali, akapanda ngazi mbilimbili, roho juu. Mlangoni akaganda. Saruji haikuonekana tena. Palitandazwa mbao mpya zinazong'aa, na maseremala walikuwa wakikusanya nyundo zao.

"Mwalimu!" Daktari alimkumbatia. "Tulidhani umetukimbia! Kumbe zile bahasha ulikuwa ukitukusanyia za sakafu! Fundi ametueleza yote, na risiti za mbao tumeziona."

"Mtu mwaminifu hivi sijawahi kumwona mahakamani," wakili alisema.

Sukari akamtazama fundi. Fundi alikuwa amebana pini midomoni, akimpima mke wa mkandarasi kiuno. Sukari angesema nini? Kwamba pesa zile zilikuwa zake, alizowaibia wao? Mbele ya wakili?

"Nilitaka iwe siri," alisema.

"Basi uizindue mwenyewe! Hatua mbili tu!" mke wa mkandarasi alishangilia.

Wakamvisha viatu vya chuma vya daktari, vipana kama sinia. Wakapiga makofi. Hatua ya kwanza Sukari aliipiga. Ya pili hakuiona, kwa kuwa mbao zilikuwa zimetoka kupakwa nta. Aliona dari, kisha akayaona meno yake mawili ya mbele yakibingiria sakafuni.

Daktari mwenyewe ndiye aliyempeleka kwenye kiti chake cha matibabu, akamshindilia pamba mdomoni hadi mashavu yakatuna. Sukari akainua kidole. Alikuwa na maelezo mazuri sana, ya mama mgonjwa na safari ya ghafla.

"Tulia, mwalimu," daktari alimwambia, akichagua koleo. "Darasa fundi atakushikia. Wewe usiseme kitu."