Pikipiki Isiyopenda Kusimama

Jumatatu, 21 Septemba

Nimeanguka tena. Si mlimani. Si mtoni. Nyumbani kwangu hapa Ficksburg, Afrika Kusini, mbele ya gereji, pikipiki ikiwa imezimwa! Nilikuwa naipangusa tu. Nikapanda ili nijione kwenye dirisha la jikoni. Mguu wa kushoto ukatafuta ardhi, haukuipata. Kilo mia mbili na arobaini chali juu ya maua ya Elmarie.

Mke wangu alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema nina miaka hamsini na nne na miguu ya mtoto wa darasa la tano, na kwamba hii ni mara ya tatu tangu Pasaka. Nikiiangusha mara moja tu tena, inauzwa, tunanunua karavani.

Ameshaichagua. Ina mapazia ya maua na choo kidogo. Nyumba ya kukokotwa nyuma ya gari kwa mwendo wa ng'ombe! Mimi, mwenye pikipiki ya masafa marefu, ya lami na ya mawe!

Alhamisi chama chetu cha waendesha pikipiki kinaingia Lesotho. Siku tatu za mawe na mito bila kuanguka. Inawezekana. Watu wamefika mwezini.

Jumanne, 22 Septemba

Nimewaza sana. Tatizo si kuanguka. Tatizo ni kujulikana.

Chama kina aproni. Ya rangi ya waridi, ina marinda, na mfuko wenye umbo la moyo. Mwanachama akiiangusha pikipiki na mwenzake akajua, anaivaa juu ya jaketi, anapigwa picha, picha inarushwa kwenye kundi letu la simu. Haivui mpaka mwingine aanguke. Safari ikiisha bila mrithi, lazima aje nayo safari inayofuata, hata kama anaumwa. Aliyeishona ni Elmarie. Aliyeandika sheria ni Elmarie, katibu wetu. Ya jana hajaiandika, kwa sharti lile la karavani.

Na aliyeivaa sasa ni Gawie, kaka yake. Mwezi wa nane alimkwepa kondoo, akaingia mtaroni. Gawie ana kipikipiki kikuukuu na miguu kama ya korongo. Leo alipita dukani kwangu, ninakouza miwani, eti fremu yake imepinda. Haikupinda. Alinitazama kifuani kama fundi cherehani.

"Shemeji," akasema, "itakukaa vizuri sana hii. Labda tupunguze marinda kidogo."

Nilimwambia atazeeka nayo, na azikwe nayo.

Jioni nilichukua kisu cha umeme cha jikoni nikachonga sponji ya njano ya siti. Unene wa vidole vinne umetoka. Sasa ncha za viatu zinafika chini! Ni kweli kuikalia ni kama kukalia kigae, lakini nani alisema safari ni starehe? Nimekipangusa kisu na kukirudisha kabatini.

Jumatano, 23 Septemba

Elmarie ameuliza mbona mkate una vipande vya njano. Nikasema ni mahindi. Tumekula.

Ncha za viatu hazitoshi. Nimekata tairi kuukuu, nikalibandika chini ya mabuti kwa gundi, tabaka mbili. Sasa nasimama na nyayo zote mbili. Natembea kama mtu aliyekanyaga kinyesi, lakini nasimama! Elmarie aliuliza tangu lini nimekuwa mrefu kuliko jokofu. Nikasema ni hali ya hewa.

Alhamisi, 24 Septemba

Sikukuu ya Urithi. Nchi nzima inachoma nyama. Sisi tisa tulivuka daraja la mpakani asubuhi.

Dosari moja. Mabuti yamekuwa manene, hayaingii chini ya pedali ya gia. Kilomita kumi na tisa nimekwenda na gia ya kwanza. Injini inalia kama nguruwe. Gawie akaja ubavuni, aproni ikimpepea shingoni.

"Shemeji, unasaga unga?"

Niligeuza uso. Baadaye nikagundua kwamba nikipiga pedali kwa kisigino, gia inaingia. Si kila mara.

Halafu nikapata wazo la mwaka. Anayekwenda nyuma ya wote haonekani na mtu! Nikamwomba Mzee Sarel, mwenyekiti, nifunge msafara. Wote wakapiga makofi. Nikadhani wananiheshimu. Kumbe anayefunga msafara ndiye anayebeba sanduku la dawa, vifaa vyote, pampu, mipira ya akiba, kamba ya kuvutia na birika la Mzee Sarel. Kilo thelathini zaidi.

"Hii ndiyo roho ya chama," akasema Mzee Sarel, akilifunga birika lake.

Ijumaa, 25 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mpango ulikwenda vizuri hadi saa nane mchana. Niko nyuma ya wote, vumbi lao liko kilima cha pili. Mto. Si mto hasa, maji ya magotini. Mbele yangu mama mmoja mwenye blanketi na mabuti ya mpira, na punda wawili wenye magunia ya unga. Walikuwa katikati, nikasimama kiungwana wapite. Mguu wa kushoto ukashuka, ukapata jiwe, imara kabisa. Halafu gundi ikaachia. Nikaona tabaka la tairi likielea kuelekea chini ya mto, na mimi nikilifuata.

Maji ya Lesotho mwezi wa tisa! Nilipiga yowe lililowashtua punda.

Yule mama alicheka mpaka akamwegemea punda. Anaitwa Mama Malineo. Alifanya kazi upande wetu miaka mingi, lugha yetu anaijua vizuri kuliko nilivyotaka.

"Ntate," akasema, ndivyo wanavyomwita mwanamume kwa heshima kule, "punda wangu ana miaka kumi na nane. Hajawahi kulala mtoni."

Alifunga kamba ya kuvutia kwa punda wote wawili, wakaitoa pikipiki. Mimi nilisukuma kwa nyuma, mambo ya heshima tu. Nikamsihi asimwambie mtu. Nikampa pakiti yangu yote ya nyama kavu. Aliipokea kwa mikono miwili. Sasa nakumbuka hakuahidi kitu.

Pikipiki ilikuwa na mkwaruzo, na kioo cha pembeni cha kushoto hakipo. Nikapaka tope pikipiki nzima, pande zote sawasawa. Nikang'oa na kioo cha kulia ili pande zilingane. Kwenye nyumba ya wageni niliwaambia nimetoa vioo ili kupunguza uzito.

Gawie aliizunguka mara tatu. Akagusa tope kwa kidole kimoja. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Jumamosi, 26 Septemba

Kifungua kinywa kwenye nyumba ya wageni. Kahawa, uji, jua zuri. Siku moja tu imebaki! Nilianza kumwonea huruma Gawie.

Mlango ukafunguliwa. Kumbe mikate ya pale huokwa na Mama Malineo. Akaweka kapu mezani, akatazama watu, akaniona. Uso ukamchanua.

"Ntate wa mtoni!" Akatoa kitambaa kifuani, akakikunjua. Kioo changu. "Nimekipata chini kidogo ya pale ulipolala. Na ile nyama ilikuwa nzuri, asante."

Gawie alikuwa ameshaanza kufungua kamba za aproni. Polepole. Kama mtu anayefungua zawadi.

"Taratibu, shemeji, usiipasue," akasema akinivalisha. "Ni kazi ya dada yangu."

Picha imerushwa saa mbili na robo. Saa mbili na nusu Elmarie ameiona. Halafu akajibu kwa picha. Ya karavani.

Jumapili, 27 Septemba

Karavani iko uwanjani, imeletwa tuijaribu wiki moja. Imesimama mbele kabisa ya gereji, kama askari. Elmarie hajagomba. Amepika pudini. Aliniuliza napenda mapazia ya maua au ya mistari, nikasema yote mazuri, nikaenda kukaa gereji na pikipiki. Nimewasha injini mara mbili. Bila sababu.

Jumanne, 29 Septemba

Mnunuzi amekuja. Mchungaji kijana wa kanisa, mrefu, nyayo zake zinafika chini na magoti bado yamekunjwa. Sikumpenda.

Nilitaka kuitoa pikipiki nje mwenyewe, niage. Elmarie akasema, "Wewe simama pale. Ukiigusa tu italala, halafu nani ataitaka?" Akashika usukani yeye mwenyewe. Akaitoa kinyumenyume, hatua moja, mbili, tatu. Nikamwambia ageuze usukani. Akaniambia ninyamaze.

Hatua ya nne ikawa ya pikipiki peke yake. Ilimwegemea, ikamshinda, ikaenda kulala juu ya karavani. Dirisha likavunjika. Pazia la maua likanasa kwenye usukani.

Elmarie alikuwa mzima, namshukuru Mungu, niliangalia hilo kwanza. Kwanza baada ya pikipiki. Halafu nikaingia ndani nikatoka na aproni, imekunjwa vizuri. Sikucheka. Naapa.

Aliitazama aproni. Huyu ndiye mwanamke aliyempiga faini mama yake mzazi kwa kuchelewa kuleta keki ya kanisa. Akaichukua. Akaivaa. Akafunga kamba nyuma kwa fundo maradufu.

"Piga picha yako, Barend," akasema. "Na ukicheka, utalala humo kwenye karavani, na haina dirisha."

Mchungaji alisema atarudi siku nyingine. Alirudi nyuma taratibu hadi getini.

Gawie ameandika kwenye kundi: "Dada, imekukaa vizuri kuliko sisi wote."

Jumatano, 30 Septemba

Karavani imerudishwa kutengenezwa. Elmarie amesoma kitabu cha sheria mara mbili, akitafuta mlango wa kutokea. Hakuna. Alikiandika vizuri mno. Mwenye aproni lazima ahudhurie safari ya Oktoba. Sheria ya nne: aje kwa pikipiki, si kwa gari. Aliiongeza mwenyewe, Gawie alipojaribu kuja na pikapu.

Kwa hiyo pikipiki haiuzwi mpaka Oktoba ipite, na mke wangu anapanda nyuma yangu. Amekubali. Amesema macho yake yatakuwa kwenye miguu yangu njia nzima.

Watu wawili, uzito zaidi. Nimewaza sana. Tatizo ni siti.

Sasa hivi yuko kanisani kupanga maua. Nina saa mbili. Siti ya nyuma ina unene usio na sababu, vidole vitano vinatoka hata asijue. Kisu cha umeme ninacho hapa. Na ile gundi ya mabuti ilikuwa duni tu. Safari hii nimenunua ya kubandikia vigae. Tabaka tatu.