Steringi Ni Bibi

Jumatatu, 9 Juni

Shule imefungwa. Filamu imekamilika! Dakika arobaini na moja, nimeipiga na kuikata mwenyewe kwa simu. Inaitwa *Tenga*. Ni ya kweli tupu, hakuna anayeigiza. Bibi Anyosisye, mama yake Baba, anasuka tenga la mianzi kwake Isongole, kuanzia kukata mianzi hadi kufunga ukingo na kutoka nalo. Dakika kumi na tisa anapasua mianzi bila kusema neno. Mwalimu Fausta alitufundisha kwamba ukimya nao ni lugha.

Bibi yuko kwetu Chapwa, hapa Tunduma, kwa ajili ya matibabu ya meno. Anaondoka Jumapili. Hataki kujiona kwenye simu. Anasema kwenye simu mtu anakuwa kama kidudu. Anataka kujiona mkubwa, akiwa amekaa na watu. Nimemwahidi. Kwa hiyo nina siku sita za kupata mfadhili na ukumbi.

Osward wa nyumba ya pili, anayerekodi vichekesho vya nusu dakika na kujiita msanii, ametazama kidogo. Akauliza hizo kuni ni za msiba wa nani. Kuni!

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika barua rasmi. Anwani mbili, kichwa cha barua nimekipigia mstari kwa rula. Nimezipeleka kwenye maduka saba ya barabara kuu. Wa kwanza alidhani ni mchango wa harusi. Wa pili alidhani ni mchango wa harusi. Wa tatu hakufungua bahasha, akasema mwaka huu ameshaoza watoto wa watu vya kutosha.

Bwana Rubeni peke yake ndiye aliyesoma hadi "Wako mtiifu". Ana projekta na jenereta anavyotangazia bidhaa zake mnadani. Ataniazima vyote Jumamosi, bure! Sharti lake ni moja: bidhaa yake ionekane ndani ya filamu kwa sekunde kumi.

Bwana Rubeni anauza mabeseni ya plastiki.

Nimekubali. Sekunde kumi ni nini?

Jumatano, 11 Juni

Sasa ukumbi. Felix ana kibanda umiza ambako watu hulipa kiingilio kuangalia mpira na filamu za vita. Nimemwomba aijaribu filamu yangu. Aliijaribu dakika nne. Watu wakaanza kuuliza steringi anatokea saa ngapi. Nikasimama, nikaeleza kwa adabu kwamba steringi ndiye huyo bibi. Mmoja akauliza, "Sasa anamuua nani?" Mwenzake akamwambia atulie, haoni mkuki unachongwa? Wakangoja mkuki. Nikawaambia ni tenga.

Felix amenirudishia flashi kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mende kwenye chai. Eti dada yangu, hii nitaiweka siku nikitaka kufunga biashara.

Alhamisi, 12 Juni

Mama alinituma nyanya. Njiani nikaona jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kuliona: foleni ya malori! Imetoka mpakani hadi huku kwetu. Madereva wamekaa siku tatu hawana la kufanya. Watazamaji wasioweza kukimbia!

Nimempata dereva anaitwa Lusubilo, lori lake tupu, anakwenda Zambia kupakia shaba. Juu ana turubai. Ukilishusha pande zote, ndani ni giza safi hata mchana. Nilipomtajia matenga akasema marehemu mama yake alikuwa akisuka. Amekubali. Nikamuuliza, na foleni ikisogea? Akacheka. "Mdogo wangu, hii haisogei kabla ya Jumatatu. Hii naijua kama mke wangu."

Nyanya nimesahau. Mama ameuliza kama nilitumwa nyanya au nilitumwa lori.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeliweka beseni. Bwana Rubeni alikuja kukagua, akasema halina sauti. Akajirekodi mwenyewe. "Tenga linavuja! Beseni halivuji!" Mara sita. Sasa ni sekunde arobaini, mara tu Bibi anapofunga ukingo. Ningefanyaje? Jenereta ni lake.

Simu ilikuwa imejaa hata haipigi picha, kwa hiyo nimehamishia kila kitu kwenye flashi na kufuta vilivyobaki. Mwalimu Fausta husema tuweke nakala mbili. Lakini Mwalimu Fausta hana simu kama yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nane mchana. Watu ishirini na watatu ndani ya lori, wengi madereva. Shuka la Mama ndiyo skrini. Bibi mbele kabisa, amevaa kitenge cha kanisani. Osward pembeni na simu yake, amekuja kucheka.

Mianzi ilipasuliwa dakika kumi na tisa. Hakuna aliyekohoa! Lusubilo alikuwa akifuta macho kwa kofia.

Kisha honi. Honi moja, kumi, hamsini. Foleni ilikuwa imesogea! Mbele yetu barabara tupu, nyuma yetu malori yote yanayokwenda Zambia. Hakuna aliyetoka, maana Bibi alikuwa akifunga ukingo.

Askari akafunua turubai. Akaona watu ishirini na watatu gizani, ndani ya lori linaloelekea mpakani. Akauliza kwa sauti nene hawa ni raia wa nchi gani. Bibi hakugeuka hata shingo.

"Mwanangu, kaa chini. Unaziba."

Akakaa! Dakika mbili nzima alikaa kwenye tairi la akiba. Kisha Bwana Rubeni akanguruma, "Tenga linavuja! Beseni halivuji!" na askari akakumbuka kazi yake. Tulishushwa wote. Bwana Rubeni alinyakua projekta yake, flashi ikachomoka na kubaki kwenye tairi, na Lusubilo akavuka mpaka nayo.

Jumapili, 15 Juni

Bibi ameondoka na beseni jekundu mapajani, zawadi ya Bwana Rubeni. Nilimwomba radhi. Akasema beseni ni zuri, ila kuku hasafirishwi kwenye beseni. Akasema amejiona mkubwa, amekaa na watu, ila wamemkatisha kabla hajatoka na tenga lake. Niende likizo ijayo tupige upya.

Osward alikuwa amerekodi ile "Unaziba". Sekunde kumi na mbili! Tunduma nzima inaitazama. Felix anaiweka kabla ya mpira, na watu wanauliza kama huyo steringi ana nyingine. Osward alikuja mlangoni, mpole kabisa, kuomba tushirikiane: mimi nipige, yeye akate vipande vifupi. Nimekataa. Humo hamna hata mwanzi mmoja.

Kisha nikakaa, nikatafuta kosa langu bila kujipendelea, kama tulivyofundishwa. Nimelipata. Dakika kumi na tisa za kupasua mianzi zilikuwa chache. Safari hii zitakuwa thelathini na tano. Usambazaji wa nje umeshaanza, maana flashi iko Zambia. Na mfadhili ninaye: Bwana Rubeni ameleta ndoo.