Karavani ya Babu Mbele ya Dirisha la Bi. Terpstra

Jumatano, 3 Julai

Imefika! Karavani ya Babu imefika! Baba ameikokota kwa gari kutoka ghala la shamba la zamani la Babu, mwendo wa kinyonga njia nzima, nyuma yake msururu wa matrekta mawili na mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa akimwonyesha ngumi. Sasa imeegeshwa barabarani mbele ya nyumba yetu. Nyumba kamili juu ya magurudumu mawili! Vitanda vinne. Jiko la gesi. Makabati kumi na moja. Nimeyahesabu mara mbili.

Kasoro chache. Inanuka panya. Mapazia yana rangi ya mchuzi uliolala. Karibu na mlango sakafu inabonyea ukiikanyaga, kama keki. Nimetandika zulia dogo juu yake. Tatizo limekwisha.

Mama hakuingia. Alisimama nje, mikono kiunoni, akasema karavani hii imemzidi yeye umri kwa miaka miwili na kwa afya hata maiti inaishinda. Sharti lake ni hili: ikifika Jumamosi ya tarehe 13 iwe inalalika bila mtu kuumwa na chochote, tutakwenda kambini kando ya ziwa, pale pale alipokuwa akienda utotoni. La sivyo atakuja mtu wa vyuma chakavu aichukue, na sisi tutapanda ndege kwenda hotelini. Kijitabu cha hoteli anacho tayari. Kina picha za watu wamelala kando ya bwawa kama samaki walioanikwa.

Sasa siri, ambayo naiandika hapa tu. Sitaki kambi peke yake. Nataka Babu Sjoerd aende nasi. Hajakwenda tangu Bibi Jantje afariki, miaka minne sasa. Shamba ameuza. Amehamia kwenye nyumba ya wazee, chumba ambacho dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Leo nilimpigia simu. Akasema, "Kambi zangu nimeshazimaliza, mjukuu wangu. Nitumieni kadi."

Hatutatuma kadi. Atakuja!

Alhamisi, 4 Julai

Siku kubwa. Nimepaka rangi ndani yote, peke yangu, ili kuwashtua wazazi wakirudi kutoka kazini. Rangi ya njano, kama kiini cha yai. Sikuwa na kijiti cha kukorogea, lakini kwenye droo nilikuta chuma kirefu kilichopinda mara mbili, mpini wake umezungushiwa uzi wa sufu mwekundu. Sijui ni cha nini. Kinakoroga vizuri sana!

Walishtuka. Hasa Mama, alipotaka kufungua kabati. Nilipaka milango ikiwa imefungwa, ili isinisumbue. Sasa imegandiana. Yote kumi na moja. Baba alivuta mmoja kwa nguvu zake zote, akabaki na kitasa mkononi. Alikitazama muda mrefu, kisha akakitia mfukoni, akaenda kupika chapati za maji.

Jioni Bi. Terpstra alivuka barabara. Anakaa mkabala nasi. Dirisha lake la sebuleni halina pazia, na kiti chake kimelielekea. Alisema kwa upole kwamba sheria ya mji wetu inaruhusu karavani kukaa barabarani siku tatu tu mahali pamoja. Baba akasema anaijua. Bi. Terpstra akasema anafurahi kusikia, kwani leo ni ya pili.

Ijumaa, 5 Julai

Nimefanya upelelezi. Nilikwenda kwa Bi. Terpstra kuazima ndoo, nikaomba kwenda chooni. Kama chooni kwa nyumba zote za kwetu, kalenda ya siku za kuzaliwa imetundikwa ukutani, mbele ya macho yako ukikaa. Na juu yake nimeona kwa macho yangu! Tarehe 3: "karavani, 1." Tarehe 4: "karavani, 2." Tarehe 5: "karavani, 3." Kwa kalamu nyekundu!

Halafu nikaona kingine. Tarehe 9: "Sjoerd, miaka 78." Babu yangu! Na tarehe 21 ya mwezi huu huu: "Jantje." Hajaifuta.

Nilikaa humo chooni mpaka akagonga mlango kuuliza kama nimezirai.

Jumamosi, 6 Julai

Nina akili sana. Siku tatu mahali pamoja, ndivyo ilivyoandikwa. Basi hama mahali! Nimewaeleza Baba na Mama mpango wangu kwa vichwa vya habari, kama tulivyofundishwa shuleni: Lengo, Vifaa, Hatua. Lengo: ng'ambo ya barabara. Vifaa: sisi watatu. Hatua: kusukuma.

Tumesukuma. Imekaa vizuri kabisa, kihalali kabisa, mbele ya dirisha la Bi. Terpstra.

Akatoka na miwani yake. Akauliza sasa yeye atazame nini. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba leo ni ya kwanza. Mama akanikanyaga mguu. Bi. Terpstra akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe binti umemrithi bibi yako mdomo na yote," akaingia ndani. Sijui kama ni tusi. Nimeliandika ili nilifikirie.

Jumapili, 7 Julai

Nimepata! Babu hataki kwenda kambini. Lakini je, atakataa sherehe ya siku yake mwenyewe ya kuzaliwa? Hawezi. Na sherehe itakuwa wapi? Ndani ya karavani! Ataingia, atakaa, atakumbuka, moyo utalainika, kwisha!

Mama alisema watu kumi na mmoja hawaenei. Nikamwonyesha mchoro. Nyuma kuna benchi la kuzunguka kuta tatu, chini ya dirisha kubwa. Wageni wote watakaa duara kule nyuma, kama siku ya kuzaliwa ya heshima inavyotakiwa. Baba, ambaye peke yake ni kama wageni wawili, atasimama mbele kwenye jiko amimine kahawa. Mama alisema sawa, afadhali iwe hivyo kuliko makombo ya duara hilo kwenye zulia lake.

Bi. Terpstra tumemwalika pia. Huwezi kufanya sherehe mbele ya dirisha la mtu usimwalike.

Jumanne, 9 Julai

Naandika polepole. Ukurasa una krimu.

Ilianza vizuri! Babu alikuja na baiskeli yake, koti zuri, nywele zimechanwa kwa maji. Alisimama mlangoni. Nikadhani atageuka. Akaingia, akagusa ukuta kwa kidole, akasema, "Njano." Basi. Akapita moja kwa moja hadi kona ya benchi chini ya dirisha, akakaa kama mtu anayejua pa kukaa. Wageni wakaja. Kila mtu akampongeza kila mtu: Babu, Mama, mimi, Baba, hata Bi. Terpstra alipongezwa, ambaye hahusiki. Wakakaa duara kule nyuma, sahani magotini. Kahawa moja, biskuti moja, mkebe ukafungwa. Sherehe ya mfano!

Kisha keki ya krimu na stroberi. Kisha wimbo. Ule wa kumtakia maisha marefu, ambao mwishoni wote hunyanyua mikono juu na kujiegemeza nyuma.

Hapo hapo Mama akasema maziwa yamekwisha. Baba akatoka nje kufuata maziwa.

Sikujua kwamba Baba ndiye alikuwa ameishikilia karavani.

Pua ya karavani ilinyanyuka. Taratibu, bila kelele, kama ng'ombe anayeinuka. Wageni wote wenye mikono juu wakaangalia dari ikiwa ukuta. Sahani zikaanza safari. Keki nayo. Ikamkuta Bi. Terpstra. Nyuma ikagonga lami, kishindo!

Baba akaona. Baba ni mtu wa vitendo. Aliruka mlangoni aishushe kwa uzito wake, na kweli, ikashuka. Ila alitua juu ya zulia langu dogo. Zulia likaendelea chini. Baba naye. Mguu mmoja ukabaki sherehani, wa pili ukawa barabarani, na kiatu kimechomoka.

Kisha sauti ikatoka kwenye kona, chini ya shangazi wawili. Babu anacheka! Anacheka mpaka machozi! Sijamsikia akicheka hivyo tangu niwe na miaka minane. Akauliza, huku anajifuta, nani alizishusha jeki za pembeni.

Mama akamtazama Baba. Baba, kutoka sakafuni, akamtazama Mama. Kila mmoja alidhani mwenzake. Mimi nilikuwa sijui hata kama zipo. Kumbe karavani ina jeki nne, moja kila kona chini yake, na usipozishusha haitulii. Babu akasema zipo, zinazungushwa kwa chuma chenye uzi mwekundu, kiko kwenye droo.

Nilikileta. Kimekuwa cha njano mwanzo hadi mwisho. Uzi wa sufu umekauka kama mti. Babu alikishika, akaacha kucheka. Akasema taratibu, "Uzi huu aliufunga Jantje. Mikono yake ilikuwa inapata baridi. Kazi ya jeki ilikuwa yake, mimi nilikuwa dereva tu."

Akanirudishia. Akavaa koti lake lenye krimu, akapanda baiskeli, akaondoka.

Mama amempigia simu mtu wa vyuma chakavu. Anakuja Ijumaa. Baba amepika chapati za maji. Sikula.

Jumatano, 10 Julai

Saa moja asubuhi nimeamshwa na nyundo!

Babu! Yuko ndani ya karavani, amepiga magoti, boksi la vifaa pembeni, nusu ya sakafu ameshaing'oa. Nikakimbia nje na nguo za kulalia, nikaanza kuomba msamaha wa ule uzi. Nilikuwa nimeuandaa: utangulizi, kiini na hitimisho. Akanikatiza kwenye utangulizi. Akasema, "Sakafu hii niliipigilia mimi. Haijaoza kwa ajili yako, imeoza kwa sababu iliachwa ghalani na mzee aliyenuna. Nipe misumari."

Nikampa misumari!

Saa mbili Bi. Terpstra akatoka. Nilijiandaa, leo ni ya tano. Lakini alisema tu kwamba njia ya gari ubavuni mwa nyumba yake haitumiki tangu auze gari lake, na sheria ya mji haifiki uani kwa mtu. Tukaihamishia huko, hata yeye akasaidia kusukuma. Kisha akayang'oa yale mapazia ya rangi ya mchuzi, akayabeba mbali na mwili wake kama panya wafu, akasema Jantje alikuwa akiyachukia miaka yote na hakuwahi kupata mtu wa kumshonea mengine.

"Ungesema," Babu akamwambia.

"Ungeuliza," akajibu.

Ijumaa, 12 Julai

Sakafu mpya! Mbao nene, hazibonyei. Babu amefungua makabati yote kwa kisu chembamba, moja baada ya jingine, bila kusema neno ambalo mimi ningelisema. Mapazia mapya yana mistari ya bluu. Mtu wa vyuma chakavu alikuja saa nane. Mama akaingia karavanini kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa, akaruka mara tatu katikati ya sakafu, akachungulia dirishani, akamwambia arudi salama kwake.

Tunakwenda! Kesho!

Nilimwuliza Babu, kama kwa bahati tu, kama amepakia. Akasema nyundo yake inahitaji kutiwa mpini. Hilo si jibu.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi Babu alikuja kutuaga. Alisimama kando ya gari, mikono nyuma. Baba akafunga karavani kwenye gari, Babu akafungua, akafunga upya. Bi. Terpstra akatuletea mkebe wa biskuti na kusema tuchukue zaidi ya moja moja. Kila mtu alikuwa anangoja mwenzake aseme kitu.

Basi nikasema mimi. Nilisema kwamba jeki sijui kuzishusha. Kwamba Baba hajui, na Mama amesahau. Na kwamba tukifika kando ya ziwa tukala keki, tutaishia majini.

Babu akamtazama Baba. Akavuta pumzi, akaenda kwenye baiskeli yake, akafungua mfuko wa nyuma. Ndani mlikuwa na mswaki, nguo za kulalia na kiti cha kukunja. Alikuwa navyo tangu asubuhi!

Tulipofika ziwani alinipa kile chuma. Ameikwangua rangi yote. Uzi mwekundu ulikuwa umekatika, kwa hiyo akazungushia mwingine, mwekundu pia, umekaa vibaya, wa mtu asiyezoea. Akaniweka kwenye kona ya kwanza, akanifundisha: taratibu, mpaka iguse ardhi, kisha nusu mzunguko. Kona nne. Akasema, "Sasa hii kazi ni yako. Mimi ni dereva mstaafu."

Jumapili, 14 Julai

Mvua. Tumekaa ndani watu wanne, tunacheza karata, Babu anaiba waziwazi. Karavani imetulia kama kanisa. Sijawahi kuwa na furaha namna hii!

Nimejifunza mengi wiki hii na nimeyafikiria kwa makini. Kubwa kuliko yote ni hili: Babu hakuja kwa kuombwa, wala kwa keki. Alikuja kwa sababu kitu kiliharibika.

Na leo, nikiwa nimelala kitanda cha juu, nimeona doa la maji kwenye dari, kwenye kona. Ukilibonyeza linabonyea kidogo. Kama keki. Sijamwambia mtu. Nimebandika picha ya ziwa juu yake. Nadhani likiachwa lioze taratibu, bila kusumbuliwa, litakuwa tayari kufikia Julai mwakani.