Kibali cha Roboti ya Mwalimu Teresa

Ninayo fahari kuutangazia umma wa Kakamega kwamba idara yangu imedhibiti roboti kwa asilimia mia moja. Tangu Idara ya Uratibu wa Vitu Vinavyojiendesha ifunguliwe, hakuna roboti hata moja iliyotumia kibali vibaya. Wapo wanaosema ni kwa sababu hatujawahi kutoa kibali. Hao ni wale wale wasiopenda maendeleo.

Mimi ndimi Isaiah Wanzala, Mkurugenzi. Shida ilianzia kwa Mwalimu Teresa Osundwa, wa shule moja ya msingi iliyozungukwa na miwa, upande wa Mumias. Miaka kumi na minane mama huyu alifundisha Kiswahili na dini, akatulia, nasi tukatulia. Mara ukaja mtaala wenye neno koding, yaani kuiandikia mashine maagizo. Badala ya kuliruka kama walimu wenye busara, yeye akaamua kulijua! Alijifunza kwa simu yake, amesimama juu ya tangi la maji la shule akitafuta mtandao. Jumamosi alishinda kwa fundi wa redio, akiomba mota za vichezeo vilivyokufa.

Somo lake la kwanza halikuwa hata na mashine. Alimfanya mwanafunzi mmoja, Wangila, awe roboti, akamwandikia maagizo ubaoni: songa mbele. Akasahau kuandika simama. Mtoto akasonga, akapita choo, akaingia kwenye miwa, wakamtafuta mpaka saa ya uji. Aliporudishwa, Teresa akaliambia darasa, "Wangila hana makosa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Mwalimu kukiri kosa mbele ya watoto! Niliposikia hayo nilijua usalama wa taifa umeguswa.

Nikatoa waraka. Kila roboti iwe na kibali, na utaratibu wake ni mwepesi ajabu. Unapeleka fomu Dirisha la Kwanza. Dirisha la Kwanza huipokea ikiwa na muhuri wa Dirisha la Pili. Dirisha la Pili hugonga muhuri penye sahihi yangu. Nami siwezi kutia sahihi fomu ambayo Dirisha la Kwanza halijaipokea, mimi si mhuni. Hapo ufisadi utapitia wapi?

Mwalimu Teresa alikuja mara tisa. Mara ya tisa alishika vyuma vya dirisha, machozi yakimlengalenga.

"Mkurugenzi, watoto wananiulizanga kila asubuhi kama tutaendelea. Niwaambie nini?"

"Waambie ofisi inalishughulikia."

"Hiyo nimewaambia mara nane, jameni!"

"Basi wameshazoea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwalimu. Ijumaa ikifika bila kibali, hiyo klabu yenu ya roboti inafungwa, na wewe unahamishwa Lugari ukafundishe kitu kisichojiendesha."

Ijumaa ikafika, na mimi sifungi kitu ovyo ovyo. Nilipeleka hema, wapiga ngoma za isukuti, utepe wa kukatwa, na keki iliyoandikwa Hongera kwa Kufungwa. Mgeni wa heshima alikuwa Bi Jeruto, mkubwa wangu kutoka Nairobi. Kwa ukarimu wangu, nikawaruhusu watoto waonyeshe roboti yao kwa mara ya mwisho.

Msichana mmoja, Mitchel, akaileta. Mwili wa roboti ulikuwa kopo la mafuta ya kujipaka, magurudumu vifuniko vya chupa. Akapanga madebe matatu uwanjani, yameandikwa Dirisha la Kwanza, Dirisha la Pili, na Mkurugenzi. Debe langu lilikuwa na kutu.

"Tumeiandikia waraka wenu vile ulivyo," akasema. "Ikipata kibali itapiga king'ora, isimame."

Roboti ikaondoka. Dirisha la Kwanza, la Pili, Mkurugenzi. La Kwanza, la Pili, Mkurugenzi. Nikapiga makofi, maana nidhamu ile hata makarani wangu hawana. Kufika mzunguko wa ishirini, wapiga isukuti walishaidaka kasi yake, na wazazi wameshika mbavu.

"Itasimama saa ngapi?" Bi Jeruto akauliza.

"Betri ikiisha, madam," Mitchel akajibu.

"Imeharibika," nikafafanua.

"Haijaharibika. Inatii tu."

Bi Jeruto hakucheka. "Bwana Wanzala, huu utaratibu umewahi kuufuata mwenyewe?"

"Mkubwa hafuati, madam. Mkubwa hufuatwa."

"Leo utafuata. Chukua fomu ya mwalimu, umletee kibali. Kwa miguu yako, na bila kutaja cheo. Mpaka urudi nacho, darasa liendelee, na mwalimu asiguswe."

Teresa alikaa kwenye nyasi akalia kwa sauti, watoto wakamrukia shingoni. Keki ilianza kuliwa kabla sijatoka getini.

Nikaenda mjini kifua mbele. Dakika kumi, nilijiambia. Kwenye Dirisha la Kwanza alikuwepo Beverly, karani niliyemwajiri mwenyewe.

"Haina muhuri wa Dirisha la Pili," akasema.

"Beverly, ni mimi."

"Nakuona. Muhuri?"

Nikasogea Dirisha la Pili. Beverly naye akahamisha kiti, kwa kuwa ndiye karani wa pale pia. Akaikagua fomu upya. "Haina sahihi ya Mkurugenzi."

Nikatoa kalamu, nikatia sahihi mbele ya macho yake.

"Ala! Hii haijapokelewa Dirisha la Kwanza. Mkurugenzi wetu hawezi kuitia sahihi. Aliyetia ni tapeli."

"Mkurugenzi ni mimi!"

"Mkurugenzi ametoka, ameenda kufunga klabu. Keti hapo nje. Akirudi nitakuita."

Kwenye benchi palikuwa na watu kumi na wawili, kila mtu na fomu yake. Mwanamume mmoja kutoka Lugari, mwenye mikono mikubwa ya kushika jembe, akanisogezea nafasi.

"Ni mara yako ya ngapi, ndugu?"

"Ya kwanza."

"Pole. Mimi ni ya kumi na nne." Akainama karibu na sikio langu. "Huyo Mkurugenzi wao, wewe unamjua sura? Sisi hapa tunamtafuta sana."

Nikaitazama ile mikono. Nikasema simjui kabisa.