Chupa ya Kumzuia Ayuma

Jumatatu, 9 Juni

Viza ya Ayuma imetoka. Ameingia akiruka, akanikumbatia, akasema Jumatatu ijayo anapanda ndege kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumba. Nikasema Mungu asifiwe. Nikaenda jikoni nikalia ndani ya kitambaa cha vyombo.

Mtoto wangu wa pekee! Nani atamkumbusha kuvaa sweta? Wanasema huko kuna joto. Hata hivyo.

Mchana fundi Mutisya, anayetuchimbia mtaro wa bomba la choo nyuma ya nyumba, akatoa chupa. Si ya glasi. Ni ya udongo uliochomwa mpaka ukawa jiwe. Juu rangi ya chai ya maziwa, chini rangi ya uji. Nzito! Mutisya alitaka kuitupa. Akasema kabla ya kaunsil ya jiji kujenga mtaa huu wa Jericho, hapa aliishi Mzungu, na hapo ndipo palipokuwa na shimo lake la takataka. Akasema pia kuna mtu ana kibanda karibu na soko la Burma, anaitwa Shitanda, hununua vitu kama hivyo akawauzia matajiri wa mtaa wa Karen.

Nikaacha kulia. Nikiiuza namfungulia Ayuma saluni. Akiwa na saluni haendi popote. Simwambii mpaka iwe tayari.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia Shitanda simu. Mtu wa kwetu Kakamega, ana adabu, ameniita mama. Akaniambia nitazame karibu na kitako kama kuna muhuri wa aliyeitengeneza. Upo! Herufi zimezama kwenye jiwe kabisa. Akasema nipapase ubavuni kama kuna mshono wa kiwanda. Hakuna. Basi, akasema, hiyo ni ya zamani kweli, ilikuwa ya soda ya tangawizi. Niilete Ijumaa vile ilivyo, na udongo wake. Na tukitaka nyingine tufuate majivu, kwa sababu watu wa zamani walimwaga majivu na chupa pahali pamoja.

Nimefuata majivu, nikichimba kutoka mtaroni. Majivu yakaingia kwa sukuma wiki za Triza, jirani yangu. Triza akatoka akauliza mboga zake zimenikosea nini. Nikamwambia natafuta pete yangu ya ndoa.

Akatazama kidole changu. Pete ilikuwa pale.

Jumatano, 11 Juni

Triza anachimba! Upande wake, na jembe la kuazima, huku anaimba nyimbo za kanisa. Nimemuuliza anapanda nini. Akasema pete. Huyo mama ana mdomo.

Ayuma ameuliza kwa nini nina udongo kwenye nywele. Nikasema ni upepo. Anapanga nguo zake ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu sanduku hana. Nikafurahi moyoni: asiye na sanduku ataendaje? Kisha nikajilaumu. Kisha nikafurahi tena.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya aibu. Acha niandike.

Chupa ilikuwa mezani na uchafu wake. Shitanda alisema vile ilivyo, lakini Shitanda ni mwanamume. Mimi mama mzima nitoke Jericho na kitu kimejaa takataka ya Mzungu, nikiweke mbele ya mtu? Atauliza mama yangu alinifunza nini.

Ayuma nilimlea kwa chupa, maziwa yangu yalikataa. Kila siku nilikuwa naichemsha, kisha naitumbukiza kwa maji baridi. Hakuharisha hata mara moja! Basi nikawasha jiko. Nikaichemsha ya Mzungu mpaka ikatetemeka ndani ya sufuria, nikaitumbukiza kwa beseni la maji baridi.

Ikasema tik.

Ufa mwembamba kama unywele, kutoka shingoni mpaka kwenye muhuri. Lakini imetakata! Nimesugua ufa na sabuni na majivu mpaka hauonekani. Nimeomba pia. Shitanda kwa sauti amezeeka, pengine macho yamechoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nilipofika Burma, Triza alikuwa ameshafika; lazima Mutisya alimwambia. Amekalia stuli, chupa yake mapajani, chafu kama kiazi. Nikamhurumia.

Shitanda akachukua ya Triza kwanza. Hakuitazama hata. Aliigonga kwa kucha, ikalia ting, safi kama kengele. Akachukua yangu. Akasifu ilivyong'aa. Akaigonga.

Ko. Kama kugonga mlango wa watu waliohama.

Akauliza polepole, "Mama, uliiosha na nini?" Nikasema na upendo. Akanirudishia kwa mikono miwili, akasema iliyopasuka watu wa Karen hawaitaki, lakini inaweza kutiwa maua.

Triza hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 15 Juni

Tulipotoka kanisani Triza alikuja kwetu akivuta sanduku. Jekundu, lina magurudumu. Amelinunua kwa pesa ya ile chupa. Akamwambia Ayuma kwamba siku aliyozaliwa, mama yake akiwa hoi, yeye Triza ndiye aliyembeba kumtoa hospitali, na hawezi kumwona akisafiri na nailoni kama mtu anapeleka kuku. Ayuma akalia. Triza akalia. Mimi nikalia kuwashinda, wakadhani ni shukrani.

Majivu niliyafuata mimi! Nimechimba kumzuia mtoto, kumbe nilikuwa namchimbia njia.

Nikamwambia Ayuma yote. Shimo, chupa, saluni. Akasema, "Lakini mathe, nani alikuambia mimi napenda mambo ya nywele? Si ungeniuliza tu?" Akalaza kichwa begani kwangu. Nikamwahidi kuwa kuanzia leo nitakuwa nauliza. Nilimaanisha.

Jumanne, 17 Juni

Ameenda jana. Nimeosha kikombe chake, nikakirudisha, nikakitoa nikakiosha tena. Triza ameleta uji, tukanywa.

Mutisya alikuwa ameanza kufukia mtaro. Nimemwambia afukue. Majivu yanapita chini ya jikoni kwangu, nimeyaona kwa macho yangu. Yeye anasema ukuta utashuka. Mutisya ni mwoga. Na kule mtaa wa Tena kuna kibanda kitupu, kina kioo kikubwa tayari. Nimemwambia mwenye kibanda asimpe mtu, ni cha saluni ya binti yangu. Nywele atazizoea.

Jioni Ayuma amepiga simu. Amefika salama, chumba chake kina dirisha. Sauti yake! Akasema nisikilize vizuri, anataka kuniambia kazi anayoitamani kwa kweli, ili nijue.

Nikamwambia mwanangu, utaniambia siku nyingine, giza linaingia na shimo liko wazi.