Kambi ya Watumishi na Kahawa ya Mzee Bernadi

Jumatatu, 6 Julai

Itangazwe kwa wote walio mtandaoni na walio nje ya mtandao: leo saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya mashahidi kumi na watatu, saba kati yao wakiwa wamezima kamera, mimi Tadei Ndunguru, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja na meno karibu yote, nimeteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kambi ya Watumishi. Kamati ina mjumbe mmoja. Nimempitisha bila kupingwa.

Kampuni yetu huwatumia wakulima wa kahawa bei na habari za mvua kwa simu. Tuko kumi na wanne. Wachache wako ofisini Dar, wengine wametapakaa Moshi, Dodoma na Mwanza, kila mtu na chumba chake. Mbinga tupo wawili, mimi na Egidi, meza moja, dirisha moja. Wengi wetu hatujawahi kuonana. Mkurugenzi wetu, Madamu Devotha, anasema timu isiyokutana ni orodha ya majina tu. Basi tutakutana. Siku tatu, wiki ijayo, Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa.

Egidi alitaka ukumbi wa Songea wenye kiyoyozi. Kiyoyozi! Julai! Huku kwetu tunafanya kazi na makoti. Amekataliwa na watu kumi na wawili. Amenuna mpaka saa kumi. Raha iliyoje.

Jioni mke wangu Emerensiana kapiga simu. Yuko Songea tangu Mei, anamlea binti yetu aliyejifungua. Aliniachia jambo moja tu: kahawa ya kijijini Mapera. Miti mia nne, shamba alilorithi kwa baba yake. Ndiyo tunayoishi nayo mwaka mzima, mshahara wangu ni mapambo. Kaniuliza tumefika wapi. Nikasema tunamalizia. Akasema vizuri, akirudi tarehe kumi na tisa anataka kuikuta kichanjani inakauka. Asipoikuta, yeye atabaki na shamba na mimi nitatafuta pa kulala.

Kasema kwa upole. Akiwa mpole ndipo ninapomwogopa.

Jumatano, 8 Julai

Nimekwenda Mapera. Mara ya kwanza tangu mwanzo wa Juni.

Mungu wangu!

Mimi nilidhani kahawa humsubiri mtu. Haisubiri. Matawi yameinama kwa uzito. Matunda mekundu yanaelekea kuwa meusi, na chini ya kila mti kuna zulia la yaliyochoka kuningoja. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisani na kukuta ni msiba wa kwake.

Nikakimbilia kutafuta vibarua. Hakuna. Kila mtu yuko kwenye kahawa yake. Mzee mmoja akaniuliza kama nilikuwa safarini. Nikamjibu nilikuwa mtandaoni. Akanipa pole.

Mama mkwe, Mama Agripina, anakaa chini kidogo ya shamba. Nikamwamkia shikamoo kutoka mbali, kwa heshima na kwa usalama. Akaitika marahaba baba. Akatazama miti. Akanitazama mimi. Akaingia ndani. Ni afadhali angenitukana.

Nimerudi mjini nikiwa nimekata tamaa. Kisha, nikiwa navua viatu, wazo! Wageni kumi na wawili wanakuja mkoani kwetu. Wana mikono ishirini na minne. Wanawatumia wakulima wa kahawa ujumbe kila siku, na naapa hakuna hata mmoja aliyewahi kuushika mti wa kahawa. Ni aibu kwa kampuni! Lazima wachume. Kwa faida yao.

Nimemwandikia Madamu Devotha. Siku ya pili ya kambi iitwe Siku ya Mkulima. Tupande milimani, kijiji cha Mapera, tujenge timu kwa vitendo. Sikuweza kusema shamba ni letu, angedhani nina nia mbaya. Nikaandika ni la Mzee Bernadi, mkulima wa mfano. Akauliza, kama ni wa mfano, mbona kahawa yake haijachumwa? Swali zuri. Ndiyo maana yeye ni mkurugenzi. Nikaandika mzee amefiwa na mke juzi tu, hana nguvu.

Akajibu papo hapo kwa vikaragosi vitatu vinavyolia. Amekubali. Akaomba jina la marehemu, watumishi wapate kumwombea. Sikuwa nimejiandaa. Nikaandika jina la kwanza la kike lililonijia kichwani.

Miaka ishirini na minne ya ndoa. Lingenijia lipi jingine?

Ijumaa, 10 Julai

Egidi kaisoma ratiba. Kasema yeye kazaliwa Mapera, kasoma Mapera, kapata kipaimara Mapera, na Mzee Bernadi hamjui. Nikamwambia kahamia karibuni. Akauliza kahamia na miti yenye umri wa miaka arobaini? Kisha akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile. Lilikuwa na nafasi ya kukaa mtu.

Nimempa kazi ya kugawa fulana na kofia za kampuni, ili asipate muda wa kufikiri. Hivyo ndivyo viongozi hufanya.

Emerensiana kapiga tena. Nikasema tunafagia fagia tu. Akasema, "Haya, baba Ephrasia. Mungu akupe nguvu." Sauti ya asali.

Jumanne, 14 Julai

Mbamba Bay. Wamefika! Nimeshtuka siku nzima.

Goodluck wa Moshi nimemjua miaka miwili kama herufi G ndani ya duara la kijani, na sauti nzito kama ngoma ya kanisa. Nilitegemea jitu. Kashuka mtu anayenifikia kwapani. Niliposikia ile sauti ikisema shikamoo kaka Tadei, nilitazama nyuma yake kumtafuta mwenyewe. Dodoma wameleta akina mama watatu. Kwenye mikutano mmoja wao huwa feni ya darini, mwingine pazia, wa tatu hata sijui. Wote wana nyuso! Nimewapa mikono nikajifanya nawatambua. Baada ya saa moja nilikuwa nimeshawachanganya.

Tumekula samaki, mbasa wa kuchoma, kando ya maji. Kimya. Hakuna anayejua zamu ya kusema ni ya nani. Goodluck kanyoosha mkono na kungoja. Tukamtazama. Madamu Devotha akamruhusu. Akaomba chumvi.

Baadaye niliwakuta mchangani, kila mtu na kompyuta yake mapajani, hatua kumi kati ya mmoja na mwingine. Wako kwenye mkutano. Wao kwa wao! Sauti zinarudi mara mbili, mara ya pili kwa kuchelewa. Mvuvi aliyekuwa akianua dagaa akaniuliza kama hao ndugu wamegombana.

Kwa bahati mbaya ziwa limewapendeza. Madamu kasema afadhali hata kesho tubaki hapa. Moyo ulinipasuka. Nikamkumbusha yule mzee, mpweke, na jiko lisilo na moshi. Nilijiliza kidogo. Ukweli ni kwamba mwishoni nilikuwa nalia kweli. Kesho tunapanda.

Jumatano, 15 Julai

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi tuko Mapera. Ukungu, baridi, watu wa Dar wamejifunga taulo za hoteli mabegani. Madamu akataka kwanza amsalimie Mzee Bernadi. Nikasema kaenda kliniki. Nikagawa ndoo, nikatoa hotuba fupi kuhusu mshikamano, kazi ikaanza.

Na kweli wamechuma! Saa nzima nilitembea kati ya mistari mikono nyuma, kama padri paroko. Kisha nikachungulia ndoo ya Goodluck. Nyekundu, kijani, majani, na kiota kimoja. Kapukutisha tawi zima kwa kiganja. Nikachungulia ya jirani yake. Kijani tupu! Kasema aliona nyekundu zimeoza. Kahawa ya mwaka mzima ya Emerensiana inageuka takataka mbele ya macho yangu, na siwezi kupiga kelele, maana si yangu, ni ya Mzee Bernadi.

Mmoja tu alikuwa anajua. Mama mmoja mstari wa mwisho, fulana ya kampuni, kofia imeshushwa, kanipa mgongo. Vidole vinapita kwenye tawi kama vinahesabu rozari. Nyekundu tu. Ndoo ya tatu hiyo! Nikasema moyoni, ama kweli Dodoma kuna watu. Nilipopita nyuma yake nikamsifu kwa sauti. Nikamwambia laiti mke wangu angechuma hivi.

Mgongo ule uliendelea kuchuma. Mbali kidogo Egidi alipatwa na kikohozi.

Saa sita Madamu Devotha kakusanya watu. Kasema kabla ya chakula tusimame kimya dakika moja, tumkumbuke marehemu Emerensiana, ambaye mikono yake ilipanda miti hii. Kofia zikavuliwa. Goodluck akavuta kamasi. Mimi nikainamisha kichwa chini kuliko wote. Sijawahi kuiona dakika ndefu namna ile.

Kisha Madamu akamwomba yule mama wa mstari wa mwisho atuambie marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamnong'oneza Madamu kwamba yule ni wa Dodoma, hawezi kumjua. Akanishangaa. Akasema yule si wa kwetu, Egidi alimtambulisha asubuhi, ni jirani wa Mzee Bernadi.

Jirani? Jirani gani?

Mama akavua kofia. Akajifuta vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja.

"Nawashukuru sana, wanangu," akasema. "Marehemu ni mimi."

Alhamisi, 16 Julai

Nimelala stoo, juu ya magunia.

Nimeelezwa mambo. Mama mkwe alimpigia bintiye siku ileile aliponiona shambani. Emerensiana akampigia Egidi. Akaja kimyakimya kutoka Songea, Egidi akampa fulana. Wiki nzima wote watatu walijua, na kila jioni nikimwambia tunamalizia, aliniombea nguvu. Mwanamke huyo!

Alivyonifanyia jana ni ajabu. Hakugombana. Aliwaonyesha wageni mti mmoja, hii chuma, hii iache, hii mbichi ukiichuma umemwibia mwenye shamba. Wakaanza upya. Leo wamerudi wenyewe, ziwa wameliacha! Wameimba, wametaniana, kompyuta hazijafunguliwa. Jioni hii kahawa yote imeshuka mtini, mashine ya kumenya inanguruma, na zile za kijani zimetengwa kando kwenye turubai kama watoto waliofeli.

Madamu Devotha alikuwa ameshaamua kunifukuza kazi. Emerensiana ndiye aliyemsihi. Nilitaka kumshukuru kwa machozi, kisha nikasikia sababu. Akasema, "Mama, ukimfukuza atashinda nyumbani. Nami nimetoka kufufuka jana."

Nilidhani yameisha. Ndipo Mama Agripina akaleta togwa, akaketi na wageni, akawaeleza kwamba walichofanya kina jina. Huku Umatengoni kinaitwa ngokela. Watu wanakuja kwako kwa wingi, unawalisha, wanakumalizia kazi. Nawe unakwenda kwa kila mmoja wao, mpaka wa mwisho. Asiyekwenda halimi tena na watu, na akifa anazikwa na wageni.

Madamu akapiga makofi. Kasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwenye vitabu vya uongozi miaka yote. Akafungua ratiba ya likizo. Siku zangu zote za mwaka huu zimegawanywa palepale, kila mchumaji na siku yake. Goodluck anachimba msingi wa nyumba Moshi. Feni ya Dodoma anahama. Hata Egidi, ambaye ndoo yake ilikuwa ya mchezo tu, kajiandikisha. Ana shimo la choo.

Nilimtazama Emerensiana anitetee. Alikuwa ananiandalia jembe.

Jumamosi, 18 Julai

Nimepeleka taarifa rasmi. Kambi ilifana, timu imejengwa, lengo limefikiwa kwa asilimia mia.

Humu, kwa kuwa hakuna asomaye, niseme ilivyokuwa. Sikuandaa kambi. Nilitelekeza shamba la mke wangu mwezi mzima na zaidi kwa uvivu, nikadanganya pande mbili, nikamwua mtu mzima kwa ajili ya ndoo chache za kahawa. Waliojenga timu ni Emerensiana na mama yake, kwa mti mmoja na chungu cha togwa. Niliporudi ndani jana usiku aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu nikila. Akasema angeweza kunisamehe uongo, lakini dakika moja ile ya kimya nilimsimamia vizuri mno, kama mtu aliyezoea. Nimeapa mbele yake, kwa mkono juu ya Biblia ya harusi, kwamba nitasema kweli siku zote zilizobaki.

Imenituliza moyo sana. Mtu mpya kabisa.

Tatizo ni Moshi. Goodluck kaandika ananitarajia Jumatatu alfajiri, nije na sululu. Nimetazama ramani. Ni mbali mno, na mgongo wangu unaniuma tangu nilale stoo. Mtu hawezi kumjibu kaka mwema namna ile kwamba amechoka, ni ukatili. Kwa hiyo saa nne nimemwandikia, kwa majonzi, kwamba siwezi kutoka. Tumepata msiba. Mama mkwe.

Saa nne na nusu kajibu. Amewaambia wote. Wamelia. Madamu kafunga ofisi. Kwa kuwa sasa wanajua maana ya ngokela, hawawezi kuniacha nizike peke yangu. Wako njiani, wote kumi na wawili, na sanduku wanalinunua Songea.

Mama Agripina yuko uani, anapepeta mahindi na kuimba. Nimekwenda, nimemwamkia, nimemwuliza kwa adabu zote kama hajisikii vibaya hata kidogo.