Koki ya Hita ya Bi Mwanapili

Suhail, dalali wa magari, aliiona biashara ile kabla gari haijasimama. Ilikuwa saa saba mchana, Madungu, mjini Chake, na Noah ya rangi ya fedha ilikuwa ikiingia kwenye kivuli cha duka la matairi, vioo vyote vimeshushwa. Akateremka bibi wa makamo, buibui limemganda mgongoni, miwani imejaa ukungu, taulo mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza nipumue. Humo ndani mna kiangazi cha peke yake."

Suhail akapitisha mkono dirishani. Upepo wa moto ulikuwa ukitoka chini ya dashibodi, naye akatambua mara moja: koki ya hita. Gari zetu hutoka Japani, kwenye theluji, na huja na mambo yote ya theluji. Koki hiyo ndogo huruhusu maji ya moto ya injini yapite ndani kuwapasha watu joto. Ikikwama wazi Pemba, abiria wanaiva. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja, na bei yake haifiki ya kuku wawili wa kienyeji.

Inafaa isemwe kwamba Suhail hakuwa mwizi. Mwizi huchukua mali mwenyewe akiwa amelala. Suhail alichukua kwa mazungumzo, mwenyewe akiwa macho, na mara nyingi akishukuru.

"Bi," akasema kwa sauti ya msibani, "gari ino imeanza lini hivi?"

"Mwezi wa pili huu. Kwani ina nini?"

"Mie si fundi. Ntakuitia fundi."

Fundi alikuwa Silima, mshirika wake, ambaye ovaroli lake lilikuwa na mafuta mengi kuliko ujuzi wake. Akafungua boneti, akatega sikio, akafumba macho, kisha akaishusha boneti taratibu kama anayemfunika maiti uso.

"Joto limeingia chesisi," akasema.

"Limeingiaje?"

"Likishaingia, Bi, halina haja ya kuulizwa."

Bi Mwanapili, mkunga mstaafu wa Wete, akajifuta kwa taulo. Gari ndiyo aliyoachiwa na marehemu mumewe, akasema. Suhail naye akasikitika, akataja milioni mbili, thamani ya vyuma tu. Bi akalia kidogo, akataka sita. Kwa mtu anayelia alipatana vizuri sana, wakakutana kwenye nne: akiba yote ya Suhail, na milioni moja ya Silima. Walipoizungusha Madungu mara moja, mshale wa joto ulikaa palepale katikati.

Suhail mwenyewe ndiye aliyeandika hati. Alichelea Bi asije akasikia gari imepona akaidai, basi akapigia mstari: imeuzwa kama ilivyo, na ila zake zote, hakuna kurudishiana. Bi Mwanapili akaisoma mara mbili, akamsifu mwandiko, akatia saini.

Alasiri ile Silima akamwaga maji, akalegeza mipira, akachomoa koki.

"Yakhe, hii haikukwama. Imefungwa waya, ibaki wazi."

"Watu wana ujinga wao. Tia mpya, uifunge."

Ikatiwa, ikafungwa, na ndani ya gari pakawa mahali pa binadamu. Suhail akampigia simu Kificho wa Kengeja, mfanyabiashara wa ndizi aliyekuwa akitafuta Noah kwa milioni tisa.

Asubuhi wakashika njia ya kusini, Suhail akiimba. Kwenye kilometa ya kumi mshale wa joto ukaanza kupanda. Kwenye ya ishirini ulifika mwisho ukabaki huko kama umepata kazi ya kudumu. Waliingia uwanjani kwa Kificho boneti ikitoa mvuke mweupe. Kikasikika kishindo kimoja, injini ikanyamaza.

Kificho akatoka mlangoni, bahasha ya fedha mkononi.

"Noah hiyo, au birika?"

"Ni mvuke tu, mzee wangu."

"Naona. Basi nenda nayo ukanywee chai." Akarudi ndani na bahasha yake.

Silima akachomoa kijiti cha mafuta. Yalikuwa meupe kama maziwa, yamechanganyika na maji. "Gasketi ya injini imekufa," akasema, na safari hii alikuwa akisema kweli. "Tena zamani."

Kesho yake Suhail alikuwa Wete. Bi Mwanapili akamkaribisha barazani, akamtilia juisi ya ukwaju.

"Bi, ulijua kama injini inachemka!"

"Tangu mwezi juzi. Marehemu alikuwa fundi wa boti, yeye ndiye aliyenifunza: injini ikizidiwa, fungulia hita, joto litokee ndani. Nikaifunga ile koki waya, nikawa naiva mimi badala ya injini." Akamtazama. "Kwani mmeiziba?"

Suhail akanywa juisi.

"Na hukuniambia."

"Nilikuja Chake kutafuta dalali, dalali akanijia mwenyewe na fundi wake. Fundi akasema joto limeingia chesisi. Nikasema, hawa wanajua kuliko mie."

Uwanjani palikuwa na kigari kidogo cheupe.

"Nimekinunua jana kwa fedha zile," akasema Bi Mwanapili. "Mie mjane, watu wataniibia. Hebu nitazamie, mwanangu."

Suhail akakizunguka. Akafungua boneti, akapima mafuta, akagusa mipira, akasikiliza injini. Ulimi ulimwasha. Akageuka, akamkuta Bi amesimama nyuma yake, ametulia, akingoja kusikia ugonjwa gani leo.

"Kizima, Bi," akasema. "Hujapunjwa."

Bi Mwanapili akamtia elfu tano mkononi. Ilikuwa fedha yake ya kwanza ya halali katika biashara ya magari, na Suhail akaiinua juani, akaigeuza pande zote mbili, kuona kama ni ya kweli.